Miezi miwili na sikio lililoziba: makosa niliyofanya kutoa nta, na kilichonisaidia mwisho

Mimi ni fundi pikipiki hapa Morogoro, upande wa Kihonda, mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa fundi pikipiki sikio ni kifaa cha kazi kama ilivyo spana namba kumi. Mteja anakuja anasema fundi inalialia, mimi siulizi mengi, naiwasha, nainama karibu na injini, nasikiliza. Tapeti zikilegea zinatikatika kule juu kwenye hedi, cheni ya taimingi ikichoka inakwaruza pembeni, beringi za chini zikifa zinanguruma. Hakuna aliyenifundisha haya kwenye daftari, nimeyajua kwa kusikia tu. Ndo maana sikio la kulia lilipoziba mwaka jana mwezi wa nne nilichanganyikiwa sana, hata mke wangu sikumwambia siku za mwanzo.

Niseme kwanza nilikuwa natumia nini maana ndo chanzo cha yote. Tulipokua bibi alikuwa anatusafisha masikio kwa unyoya wa kuku, unalaza kichwa mapajani kwake anauzungusha taratibu, raha yake usingizi unakuja wenyewe. Nilipoanza kujitegemea nikahamia kwenye njiti ya kiberiti, kofia ya kalamu, ufunguo wa pikipiki, halafu hivi vijiti vya pamba vinavyouzwa kwenye vikopo vya plastiki kila duka. Nikitoka kuoga lazima nipitishe kijiti kulia na kushoto, nikiona pamba imetoka na rangi ya kahawia naona nimekuwa msafi, isipotoka na kitu nasukuma ndani zaidi. Mara nyingine nikisukuma sana nakohoa, kikohozi kikavu cha ghafla, nikawa nashangaa sikio na kooni wapi na wapi. Kumbe kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye tundu la sikio ambao ni ndugu moja na ule wa kooni, ukiguswa kule unakohoa huku. Mwili ulikuwa unaniambia nimefika nisikotakiwa kufika, sikuuelewa.

Basi siku hiyo ilikuwa Jumapili, masika imekolea, nimetoka kuoga nikasikia maji yameingia sikio la kulia halafu pap, kimya. Kama mtu kaniwekea kiganja. Nikarukaruka kwa mguu mmoja, nikalala ubavu, nikavuta sikio, wapi. Sauti yangu mwenyewe nikawa naisikia ndani ya kichwa kama naongelea kwenye pipa. Nikajua ni maji tu yatatoka. Sikujua kwamba nta ikiwa nyingi na kavu ikikutana na maji inavimba, ile nafasi ndogo iliyokuwa imebaki ya kupitisha sauti ndo inafungwa kabisa, kwa hiyo maji hayakuwa tatizo, tatizo lilikuwepo siku nyingi, maji yalimalizia tu.

Kesho yake nikachukua kijiti, nikachokonoa asubuhi, mchana, jioni. Ikazidi kuwa mbaya. Usiku sikio likaanza kulia lenyewe nyiiii, mlio mwembamba usiokatika, ukilala nao unahisi kama utapagawa.

Gereji nikawaambia vijana wangu na hapo ushauri ukaanza. Mmoja, kijana mzuri tu na alikuwa ananionea huruma kweli, akasema fundi kaa hapa nikupulizie upepo, akavuta ule mpira wa kompresa tunayojazia matairi na kusafishia kabureta. Na mimi nilikaa. Nilikaa kwenye benchi nikageuza kichwa, mpira uko mkononi mwake, akaingia mteja na tairi limepasuka tukaahirisha. Mtungi ule geji yake inasoma zaidi ya 100, tairi la Boxer tunajaza thelathini na kitu tu. Baadaye nilipomsimulia daktari aliweka kalamu chini akanitazama, akasema upepo ule ungeweza kuchana kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu, na kuharibu hata vifupa vidogo vilivyo nyuma yake. Naomba nyie mlio kwenye gereji, kwenye mashine za kusaga, sehemu za kuoshea magari, jamani msimuelekezee mtu upepo wa kompresa sikioni hata kama kakuomba mwenyewe, hata kwa umbali.

Wiki ya pili nikaanza kupoteza hela. Jamaa wa bodaboda alileta pikipiki yake nimrekebishie tapeti, nikarekebisha, nikasikiliza kwa sikio la kushoto nikaona iko sawa nikafunga. Siku mbili karudi, injini inagonga mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara anasikia. Nilikuwa nimeacha valvu moja imelegea. Nikaifungua upya, gasketi nikanunua mimi, na siku aliyokaa bila kazi nikamlipia hesabu ya bosi wake, jumla ikanitoka kama elfu thelathini na nane. Hela iliniuma lakini kilichoniuma zaidi ni vile aliniangalia. Yule ni mteja wangu wa miaka sita.

Na wiki hiyohiyo nilitaka kugongwa. Barabara ya Dodoma pale kwetu malori hayakatiki, nikawa navuka, nikasikia honi, nikageuka kushoto, kumbe lori liko kulia. Ukiziba sikio moja unasikia sauti ila hujui inatokea upande gani, maana kichwa kinajua upande kwa kulinganisha masikio mawili. Dada muuza ndizi ndiye aliyenivuta shati. Nilikaa pembeni ya barabara miguu inatetemeka, siku hiyo ndo nikamwambia mke wangu ukweli wote.

Mke wangu akasema tuweke mafuta ya nazi ya moto. Wazo la mafuta sio baya na nitalirudia huko mbele, ila kwa upande wangu halikufaa, na hata kama lingefaa tulikosea moto. Alipasha kwenye kijiko juu ya jiko la gesi, akajaribu kwa kidole akaona yamepoa, ila ngozi ya kidole chake imezoea sufuria, ngozi ya ndani ya sikio ni nyembamba kama karatasi na iko juu ya mfupa. Niliruka. Hayakuniunguza vibaya lakini pakabaki panawasha siku tatu. Mafuta ya sikio hayapashwi motoni kabisa, unashika kichupa kwenye kiganja dakika kadhaa yakalingana na joto la mwili, basi.

Baada ya hapo kuna mtu akaniuzia mishumaa ya masikio, miwili elfu kumi. Ni kitu kama bomba la kitambaa kilichopakwa nta ya nyuki, unalala ubavu, ncha moja wanachomeka sikioni nyingine wanawasha moto, wanasema moshi na joto vinavuta uchafu. Ukiisha wanapasua kile kipande kilichobaki wanakuonyesha, ndani kuna unga wa kahawia na vipande vya njano, unaambiwa umeona ulivyokuwa na uchafu? Nilivyoona vile niliamini asilimia mia. Ila sikio lilikuwa limeziba vilevile. Kwa hiyo ule wa pili sikuutumia sikioni. Nilikaa nje usiku, nikauchomeka kwenye tundu la tofali, nikauwasha ukaungua mpaka kiasi kilekile, nikauzima, nikaupasua. Unga wa kahawia uleule, vipande vya njano vilevile. Tofali halina nta. Sikuwa na hasira sana na aliyeniuzia, nadhani naye anaamini, lakini fanyeni hilo jaribio wenyewe kabla hamjalaza mtu kichwa chini ya moto. Nilikuja kujua baadaye kwamba mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishatoa onyo juu ya mishumaa hii mwaka 2010 kwa sababu watu wameungua uso, wengine nta ya mshumaa imedondokea ndani ya sikio ikaziba zaidi.

Nikaenda duka la dawa. Nikamwambia muuzaji sikio limeziba linalia, akanipa matone elfu sita na mia tano, ya kuua wadudu, hakuangalia sikio, wala mimi sikuuliza. Nikatumia siku tano. Hakuna kitu. Mwishoni nikaamua kulisafisha mwenyewe kwa maji, nikanunua bomba la sindano kubwa lile la mililita 20 bila sindano, maana niliona video mtu anasukuma maji na donge zima linatoka, inavutia kuangalia kwa kweli. Bomba nimeliweka mezani niko tayari kabisa, ila usiku ule sikio likaanza kuuma, maumivu ya kupiga kama moyo, ukigusa tu kile kinyama cha mbele ya tundu unaruka. Asubuhi badala ya kusukuma maji nikaenda kituo cha afya. Maumivu yale namshukuru Mungu kwayo mpaka leo, sababu yake mtaiona.

Pale kituoni nilimkuta daktari mdada, mdogo kwangu, akanisalimia shikamoo kaka akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Akachukua kile kidude chenye taa na kikombe kidogo cha mbele, akaangalia kwanza lile la kushoto zima, halafu la kulia. Akasema nta imeshindiliwa mpaka ndani kabisa na ngozi ya njia ya sikio imechubuka na kuvimba. Halafu akaanza maswali. Una kisukari? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio? Umewahi kuumia sikio? Ulivyokuwa mdogo masikio yalikuwa yanatoa usaha?

La mwisho lilinifanya ninyamaze. Ndiyo. Nikiwa darasa la pili la tatu sikio hili hili la kulia lilikuwa linatoa usaha kila msimu wa baridi, mama alikuwa ananiwekea pamba naenda nayo shule na watoto hawataki kukaa na mimi kwa sababu ya harufu. Nilikuwa nimeshasahau kabisa, miaka ishirini na kitu.

Akafunga kidude chake akasema kaka hili mimi sikupigi maji. Akanieleza kwamba usaha wa mara kwa mara utotoni mara nyingi maana yake kiwambo kilitoboka, kinaweza kuwa kilijifunga kwa ngozi nyembamba au tundu bado lipo, na kwa sababu nta imekaa mbele yeye hawezi kukiona. Ukisukuma maji yakapita kwenye tundu yanaingia sikio la kati, unaweza kupata maambukizi mabaya na kizunguzungu cha kutapika, na kama kuna kovu jembamba presha ya maji inaweza kulichana. Nikafikiria lile bomba lililoko mezani nyumbani. Nilimwonyesha na yale matone ya duka la dawa, akasoma lebo akasema yana dawa ya jamii ya gentamicin, ambayo kwenye sikio lenye kiwambo kizima haina shida sana ila kwenye lenye tundu inaweza kuingia ndani na kuharibu usikivu wenyewe, ule ambao haurudi. Akaniandikia matone mengine aliyoyachagua yeye kwa ajili ya ule uvimbe, vidonge vya maumivu, na rufaa ya kwenda kliniki ya pua, koo na masikio.

Kitu kingine alichonieleza ndo kilichonibadilisha akili, nitajaribu kukisema kama alivyosema. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Nta haitengenezwi kule ndani, inatengenezwa kwenye sehemu ya nje tu, theluthi ya mwanzo, palepale penye vinywele. Na ngozi ya njia ile inatembea, inaota kutoka kwenye kiwambo ikielekea nje polepole sana, inabeba nta na vumbi na ngozi iliyokufa, na ukitafuna au kuongea taya linasaidia kusukuma. Yaani sikio lina mkanda wake wa kutolea takataka kama mkanda wa kiwandani. Kwa hiyo, akasema, nta ikikutwa imelala juu ya kiwambo haikwenda yenyewe, kuna mtu aliipeleka. Hapo nikaangalia chini. Kila kijiti nilichosukuma miaka yote kilikuwa kinaondoa kidogo kinachoonekana na kurudisha nyuma kingi kisichoonekana, kama unavyoshindilia udongo kwenye shimo la nguzo. Na nta yenyewe sio uchafu, inalainisha ngozi, inanasa vumbi, ina tindikali kidogo inayozuia vimelea. Nilikuwa nafuta ulinzi halafu nashangaa linawasha, likiwasha nachokonoa tena.

Kliniki nilisubiri wiki mbili na nusu kupata nafasi. Huko nako nilikaa tangu saa moja asubuhi nikaonwa saa saba, bebeni maji na kitu cha kula. Daktari alikuwa mzee mmoja mpole, akaniweka kwenye kiti, akavuta darubini kubwa yenye mkono, akachukua kibomba chembamba cha chuma kilichounganishwa na mashine ya kunyonya. Akaniambia mambo mawili kabla hajaanza: itapiga kelele sana usishtuke, na ukisikia kizunguzungu sema nisimame. Ni kweli kelele yake ni kama mtu ananyonya juisi ya mwisho kwa mrija ndani ya ubongo wako. Kizunguzungu kilikuja mara moja, akasimama, nikapumua, akaendelea. Hakuna maji hata tone. Maumivu yalikuwa kidogo pale palipochubuka. Dakika kama kumi na tano hivi.

Halafu akatoa donge la mwisho kwa koleo ndogo. Jeusi, gumu, refu kama kokwa ya tende, akaliweka kwenye karatasi akanionyesha, na katikati yake kulikuwa na nyuzi nyeupe za pamba. Pamba ya vijiti vyangu, sijui ya mwaka gani.

Na sauti ikarudi yote kwa mpigo. Feni ya juu, nesi anakunja karatasi, mtoto analia korido ya mbali, suruali yangu inavyosugua kiti. Nilitokwa na machozi mbele ya yule mzee na sikuona aibu. Akarudi kwenye darubini akaniambia kiwambo kimefunga lakini kwa kovu, sehemu moja ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Akaandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa USIPIGE MAJI. Hilo daftari ninalo, na kila nikienda hospitali yoyote kwa ajili ya masikio naanza kulionyesha.

Gharama kwa jumla, na hizi ni zangu mimi nisiye na bima: kumuona daktari wa kwanza elfu tano, dawa elfu kumi na nne, kliniki elfu kumi kumuona na elfu thelathini kunyonya, nauli kidogo. Kama elfu sitini. Ukijumlisha mishumaa, matone ya kubahatisha, kazi ya bure niliyomfanyia mteja na siku nilizofunga mapema kwa sababu kichwa kinauma, nilishapoteza zaidi ya hapo kabla sijaenda. Na wiki zaidi ya nane za kusikia nusu.

Sasa nawapa nilichoelekezwa, kwa ajili ya mtu mzima ambaye masikio yake hayajawahi kutoa usaha, hayajafanyiwa upasuaji, hayaumi wala hayatoi majimaji. Sikio likijaa nta kazi ya kwanza ni kulainisha, sio kutoa. Mafuta ya zeituni au yale mafuta laini ya watoto, matone mawili matatu, lala ubavu sikio likiwa juu, kaa dakika tano, halafu geuka yatiririke kwenye kitambaa, mara tatu au nne kwa siku, siku tatu mpaka tano. Siku ya kwanza na ya pili unaweza kuhisi limeziba zaidi, usiogope na usichukue kijiti. Kwa watu wengi inatoka yenyewe taratibu bila kuona donge lolote. Maduka ya dawa mengine yana matone ya bikaboneti ya soda nayo yanafanya kazi hiyohiyo. Ile dawa ya povu inayosafishia vidonda wengine wanaitumia, inachemka sikioni, ila inakausha na kuwasha ngozi, mimi daktari aliniambia niiache.

Ikishindikana baada ya hapo, nenda wakuangalie kwa taa kwanza, halafu wao ndo waamue kupiga maji au kunyonya. Wakipiga maji yanatakiwa yawe na joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Sio ubishoo, maji ya baridi au ya moto yakifika karibu na viungo vya mizani vilivyoko ndani ya sikio dunia inazunguka palepale. Wanavuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke na wanaelekeza maji kwenye ukuta wa njia, sio katikati kwenye kiwambo. Ukisikia maumivu waambie wasimame, kupiga maji hakutakiwi kuuma. Mwenye kisukari aseme mapema maana michubuko midogo ya sikio kwake inaweza kugeuka maambukizi makali ya mpaka mfupa. Na wewe ambaye unasikia kwa sikio moja tu, hilo zima usilichezee nyumbani hata kidogo.

Halafu kuna hili la dharura nisilisahau. Sio kila kuziba ni nta. Yule mzee aliniambia mtu akiamka sikio moja halisikii ghafla, halafu akiangaliwa ndani ni safi, hiyo ni mbio, aonwe na daktari wa masikio siku hiyo au kesho yake, kwa sababu ni tatizo la mshipa wa fahamu na dawa yake inategemea kuwahi. Ungekuwa umekaa nyumbani unadondosha mafuta wiki mbili ndo umelipoteza.

Kwa watoto mimi nimeweka sheria moja nyumbani, haiingii kitu. Kitambaa chenye unyevu kwenye kidole, unafuta sikio kwa nje na nyuma, umemaliza. Mtoto akijiingiza harage au punje ya mahindi usiweke maji, linavimba. Betri ndogo ya saa ni hospitali dakika hiyohiyo, inaunguza ndani ya masaa machache, na hapo usidondoshe chochote. Mdudu akiingia mzima, kama sikio halina tundu, dondosha mafuta afe aache kukwaruza halafu nenda wakamtoe.

Hapa sasa ndo palikuwa pagumu kwangu. Mama mkwe akija kutoka Kilosa humsafisha mjukuu kwa unyoya, kama bibi yangu. Mimi kumwambia mama mkwe acha hicho sio rahisi, mnajua wenyewe. Nikamwachia mke wangu aongee naye, akaongea, mama akanyamaza kidogo akasema hata wewe nilikusafisha hivihivi mbona unasikia. Mke wangu hakubishana, akamweleza tu habari ya lile donge na nyuzi za pamba, mama akaomba kuona karatasi ya kliniki.

Na kwa miaka kama minne sisi wote tulikuwa tunajua mama ni uzee umemwingia, unamsalimia mara tatu ndo anaitika, kwenye misiba anakaa pembeni haongei na mtu, simu alishaacha kupokea. Mke wangu akasema mama, mbona na wewe usiangaliwe. Madaktari wa masikio wa Marekani kwenye mwongozo wao wa mwaka 2017 wameandika kwamba nta hushindiliwa kwa mtoto mmoja kati ya 10 na mtu mzima mmoja kati ya 20, ila kwa wazee ni zaidi ya theluthi moja, maana nta yao inakuwa kavu na mkanda ule unakuwa mzito. Tukampeleka palepale kituo cha afya. Masikio yote mawili yamejaa. Hajawahi kutoa usaha, hana kisukari, akapewa matone siku tano, akarudi akapigwa maji ya vuguvugu, yakatoka.

Hajarudi kuwa binti, kuna sauti nyembamba bado hazipati na wamemwandikia akapime usikivu. Ila tulivyotoka pale nje alisimama kwenye kivuli cha mwembe akauliza hao ndege walikuwepo wakati tunaingia. Sa hivi yuko Kilosa, simu anapokea mlio wa kwanza, na wiki iliyopita alinipigia mimi mwenyewe, sio mke wangu, akaniambia mwanangu jirani yangu huyu anafungulia redio kwa sauti kubwa mno, silali.